Ndege Mdogo Karibu na Lebo

Sanduku la santuri za majaribio lilifika kwenye karakana ya Fundi Jumanne saa saba mchana, na aliyelileta hakuwa Jalada.

Kwa miaka mitatu mambo yalikuwa na njia yake. Santuri za majaribio zikirudi kutoka kiwandani ng'ambo, Jalada ndiye aliyezipokea, ndiye aliyezisikiliza, kisha ndiye aliyepanda ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya pili kuja kusema, "Fundi, umewamaliza!" Santuri zenyewe zilibaki ofisini kwake. Fundi, mwanamke aliyezichonga, hakuwahi kuziulizia. Mtu aliyekaa na wimbo mmoja wiki sita hana hamu ya kuusikia tena. Na zaidi ya hayo, alipenda kuipata habari kutoka mdomoni mwa yule mtu kuliko kutoka kwenye spika.

Safari hii alikuja dada yake Jalada, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na mbili aliyeshika barua, mikataba na funguo za kampuni yao ndogo ya kutoa upya santuri za zamani. Kila mtu, hata tarishi, alimwita Dada Mkubwa.

"Hodi," alisema, hali ameshaingia.

"Karibu, dada. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Ngazi zenu ndizo zinataka kunipoteza. Mnafanyia kazi mbinguni nyie." Alilibwaga sanduku mezani. "Nipe maji kwanza."

Fundi alimpa maji. Dada Mkubwa aliyanywa wima, akiitazama mashine ya kuchongea kama mtu anavyomtazama mbwa wa watu.

Ilikuwa mashine nzito kuliko jiko la hoteli, na umri wake ulizidi wa Fundi kwa miaka kumi. Kazi yake ni moja tu. Kanda ya muziki inapocheza upande huu, sindano ya mashine huchonga upande ule, juu ya sahani laini ya laka, mfuo mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sahani hiyo hupelekwa kiwandani ikafanywa kalibu ya chuma, na kalibu ndiyo hugonga santuri mia au elfu. Likiwamo kosa kwenye sahani, limo kwenye santuri zote. Ndiyo maana mchongaji hulipwa kwa masikio yake, si mikono.

Na safari hii haikuwa santuri yoyote tu. Ilikuwa *Mvua ya Saa Tisa*, iliyorekodiwa miaka thelathini na tisa nyuma, alasiri mbili tu, katika ukumbi wa shule wakati wa likizo. Wanamuziki watano waliojifunza bosanova, muziki wa Brazili, kwa kuisikiliza redioni walikuwa wameichanganya na jazi yao wenyewe: gitaa la nyuzi za nailoni, besi, saksafoni yenye pumzi nyingi kuliko sauti, ngoma isiyopigwa fimbo bali inayofagiliwa kwa fagio ndogo za waya, na mwanamke anayeimba kana kwamba anayemwimbia amelala mto mmoja naye. Zilitolewa nakala mia nane, kampuni ikafa, na tangu hapo watu waliitafuta kama dawa. Jalada aliisaka kanda yenyewe miaka miwili. Aliikuta kwa mjane wa mpiga gitaa, ndani ya kopo la biskuti.

Alipoileta karakana aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. "Simpi mtu mwingine hii," alimwambia Fundi. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, "Tukiimaliza, tuoane."

Fundi alikuwa amejibu, "Subiri kwanza niipime kasi." Alipima kasi ya kanda, ikatoka sawasawa, akageuka akasema ndiyo. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Jumamosi hii mama yake Fundi na wazee wa upande wa Jalada walikuwa wakutane kwa mara ya kwanza.

"Nifungue?" aliuliza sasa.

"Ndiyo maana nimekuletea."

Fundi alitoa santuri ya kwanza kwenye bahasha yake nyeupe na kwenda nayo dirishani. Mtu mwingine angeiweka kwenye mashine akasikiliza. Yeye aliinamisha sahani mpaka mwanga ukateleza juu ya mifuo, akapeleka jicho kwenye ule ukanda mtupu unaozunguka lebo, mahali ambapo muziki umekwisha. Hapo ndipo kila mchongaji, akimaliza kazi, hutia alama yake kwa ncha ya sindano, kwa mkono. Msikilizaji haioni asipoitafuta. Alama ya Fundi ilikuwa nukta tatu na mstari mfupi.

Hapakuwa na nukta. Palikuwa na ndege, mdogo kama punje ya mchele, mkia juu.

Fundi alimjua ndege yule. Kila mtu wa kazi ile anamjua. Mwenye ndege ni mzee mmoja wa ng'ambo aliyeanza kuchonga santuri kabla Fundi hajazaliwa.

"Kiwandani wamekosea," alisema. "Wametuletea santuri ya mtu mwingine."

"Soma lebo."

Aliisoma. *Mvua ya Saa Tisa*, upande wa kwanza, nyimbo nne, namba ya kampuni yao. Alitoa ya pili, akaitazama. Ya tatu. Ndege, ndege.

"Sahani zangu ziko wapi, dada?"

"Kabatini kwangu. Nyuma ya makabrasha ya kodi, mahali ambapo hapatazamwi na mtu." Dada Mkubwa alivuta kiti akaketi, sasa bila haraka. "Hazikupelekwa kiwandani. Zilitoka hapa zikashuka ngazi, zikaja kwangu. Kilichopelekwa ni kanda, nayo ilipelekwa kwa yule mzee mwenye alama ya ndege."

Fundi alikwenda kwenye rafu ya ukutani, palipopangwa nakala zake za kazi alizozifanya, nyingi zikiwa bado kwenye nailoni zake. Alichukua ile ya mwisho kabla ya hii, akaipasua nailoni kwa ukucha. Ndege. Akachukua iliyoitangulia. Hii ndiyo gazeti liliisifu mwaka jana. Mwandishi alisema "mkono mwepesi wa mchongaji" umeifanya orkestra ya zamani isikike kama ipo sebuleni. Jalada aliisoma habari ile kwa sauti, wamekaa kwenye benchi nje ya duka la viatu, akairudia sentensi ya mkono mwepesi mara tatu, na Fundi alimwomba anyamaze, watu wanatazama, huku moyoni akitaka airudie ya nne.

Ndege.

Iliyotangulia hiyo ilikuwa na nukta tatu na mstari.

"Tatu," alisema. "Hii ni ya tatu."

"Ndiyo, ni ya tatu."

"Na Jalada hakujua kwamba tunatia alama."

"Huyo? Huyo ni mtu wa makaratasi. Mwulize unene wa jalada la mwaka wowote atakwambia. Santuri ikitoka ndani ya jalada, kwake imeshakwisha." Ilikuwa kweli. Jalada alianza kazi kwa kuchora majalada ya santuri, na jina la utani lilimganda kutoka huko. "Mimi ndiye niliyemwona huyo ndege. Nilikuwa natafuta namba ya kiwanda."

"Kwa nini umeniletea leo?"

Dada Mkubwa aliizungusha glasi tupu mkononi. "Sijawahi kukuita wifi. Umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"Na sijui kama nitakuita. Siipendi ndoa hii, nimemwambia yeye na sasa nakwambia wewe, usije ukasema nilikusengenya. Baba yako alikufa hasikii hata radi. Mama yako alikuwa masikio yake miaka ishirini. Sokoni yeye, benki yeye, msibani yeye. Namjua mdogo wangu. Ukimpa mzigo, hautui. Ataubeba mpaka mgongo ugande, na atakwambia ni mwepesi." Alikohoa kidogo. "Lakini kukuoa huku amekuficha jambo la mwili wako mwenyewe, hilo nimelikataa kuliko hiyo ndoa. Nilimwambia tangu mwezi wa tatu, mwambie. Akasema kesho. Kesho yake imekuwa ndefu. Sasa wazee wanakutana Jumamosi."

Fundi alizirudisha santuri kwenye bahasha zake, moja moja, lebo juu.

"Asante, dada," alisema, na hakuwa akikejeli. Yule aliyekuwa hamtaki ndiye pekee aliyempandia ngazi. "Mwambie aje."

"Yuko chini kwenye gari. Nusu saa nzima. Anajikaririsha hotuba kama mtoto wa shule." Dada Mkubwa alisimama. Mlangoni aligeuka akasema kwa sauti ya kawaida, uso ukimwelekea, midomo ikionekana, "Sikufurahia, ujue."

"Najua."

* * *

Jalada hakupanda ngazi mbili mbili. Alikuja mtu wa miaka arobaini na moja, mikono ya shati imekunjwa, kidole gumba kina gundi iliyokauka, akasimama kizingitini. Aliziona bahasha za santuri dirishani. Kisha akamtazama yeye, na Fundi, aliyekuwa amejiandalia hasira, alikuta kwamba uso ule bado unamfanyia kazi yake ile ile: alitaka kumfuata mlangoni, kama siku zote. Hakupendezwa nalo.

"Hotuba," alisema. "Itoe."

"Nimeisahau yote."

"Basi keti. Tusikilize muziki."

"Fundi, ngoja kwanza..."

"Keti."

Aliketi. Fundi alitoa kwenye droo sahani ya laka aliyoichonga kwa ajili ya kusikilizia, ile ambayo mchongaji hubaki nayo, akaiweka kwenye mashine ya pembeni. Akateremsha sindano kwenye wimbo wa nne. Gitaa likaingia peke yake, kisha fagio, kisha yule mwanamke. Wimbo ulimalizika. Akaweka santuri yenye ndege, wimbo ule ule, tangu mwanzo mpaka mwisho. Jalada alitazama sakafu muda wote.

Fundi alisikiliza kama alivyofundishwa: gitaa kwanza, besi, sauti, mwisho ukumbi wenyewe. Zote mbili zilikuwa nzuri. Alitafuta tofauti akaikosa, na kuikosa kwake ndiko kulikokuwa jibu, lakini alitaka jibu lenye maneno.

"Haya. Niambie."

"Nikwambie nini?"

"Unachosikia. Kwenye yangu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nimeshapakwa ya kutosha."

"Fundi..."

"Mwaka mzima umenivika kilemba cha ukoka ukanipitisha nacho mbele za watu. Leo nivue. Niambie unasikia nini."

Jalada alifuta uso kwa viganja. Alipoanza, sauti ilikuwa ndogo.

"Sema mbele yangu. Usiseme na sakafu."

Aliinua uso. "Herufi *s*," alisema. "Kila akiimba neno lenye *s* inakata. Kama... kama mtu anayepasua kitambaa kipya karibu na sikio. Akisema 'sitasahau' inapasua mara mbili. Na fagio. Kwenye ya mzee, fagio ni kama mtu anayefagia chumba cha pili, unamsikia lakini humwoni. Kwenye yako zimekuja mbele. Zinanyunyiza. Ni kama mchanga unaotupiwa kioo."

"Endelea."

"Ukisikiliza upande mzima kichwa kinauma."

"Mwisho wa upande ni mbaya kuliko mwanzo?"

"Mbaya zaidi. Wimbo wa nne ndio mbaya kuliko yote."

Fundi alikubali kwa kichwa taratibu. Ilikuwa hivyo hasa. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo mfuo unavyokosa nafasi, na *s* kali huvunjika. Mtu asiyezisikia sauti za juu huziongeza mpaka azisikie. Yeye akiridhika, wenzake wanaziba masikio. Angeweza kulieleza jambo hilo darasani. Alikuwa amelifanya mara tatu.

Kilichomshangaza ni kwamba hakuna siku Jalada alikuwa amewahi kumwambia neno zuri likamgusa kama haya. Alikuwa amemletea ndani ya chumba kile vitu ambavyo vilikuwamo siku zote bila yeye kuviona: mtu anayefagia chumba cha pili. Alitaka kumwambia aendelee, aanze wimbo wa kwanza, asimulie yote mpaka jioni.

Badala yake alifungua droo ya chini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa.

Ilikuwa na mstari uliochorwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nusu ya kwanza mstari ulikwenda tambarare. Kisha ulishuka kama ngazi.

"Nini hii?"

"Masikio yangu. Daktari alinipima."

Jalada alitazama tarehe. Alitazama tena. "Hii ni ya miezi minne."

"Ndiyo."

"Miezi minne, na hukuniambia?"

"Wewe una miezi mingapi?"

Alihesabu kimoyomoyo, midomo ilionekana ikihesabu. "Kumi na moja."

"Umeniacha mbali."

Kicheko kilimtoka Jalada bila ruhusa, na Fundi naye akacheka, na kwa muda mfupi walikuwa watu wawili waliofumaniwa nyuma ya uzio mmoja. Jalada alinyoosha mkono juu ya meza. Fundi aliuacha mkono wake uchukuliwe. Kidole gumba chenye gundi kilikuwa na joto.

"Nilijua siku ile ya birika," Jalada alisema. "Nyumbani kwako. Birika lile la filimbi. Lilikuwa linapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na wewe umelipa mgongo, unanisimulia habari za mjomba wako. Nikainuka nikalizima. Ukaniambia, 'Oo, umejuaje kwamba yamechemka?'"

"Ukasema umeona mvuke."

"Nikasema nimeona mvuke."

"Ndipo ulipoanza."

"Ndipo nilipoanza." Aliubana mkono wake. "Ningefanya nini? Kazi hii ndiyo wewe. Ningekuja nikwambie, mpenzi, weka sindano chini, umekwisha? Nilisema nitangoja baada ya ndoa. Nilisema ukiwa kwangu, ndani, nimekushika hivi, utalibeba vizuri zaidi. Nililipia kila kitu mwenyewe, gazeti likakusifu, ukafurahi wiki nzima. Nilikuona. Ulikuwa unatembea kama una chemchemi viatuni. Nani angekuondolea hilo?"

"Dada yako."

"Dada hakutaki."

"Ndiyo. Na ameniambia hivyo, akaketi, akanywa maji yangu."

Fundi hakuuondoa mkono.

"Nikuulize jambo," alisema. "Mchuzi wangu unauonaje?"

"Mchuzi?"

"Ule ninaokupikia Jumapili. Uonavyo wewe, ni mzuri?"

Jalada alisita. Kusita kwenyewe kulikuwa kurefu kuliko jibu. "Chumvi inazidi kidogo."

"Kidogo?"

"Inazidi."

"Tangu lini?"

"Tangu wa kwanza."

"Miaka miwili unakula chumvi na kuomba uongezewe!"

"Nilikuwa nakupenda!" alisema Jalada kwa sauti ya mtu aliyeonewa, na Fundi alicheka tena, lakini mara hii kicheko kilifika nusu ya njia kikageuka kitu kingine, na akauondoa mkono wake ili ajifute macho.

"Unaona sasa?" alisema alipoweza. "Hunidanganyi kwa ubaya. Ungekuwa mbaya ningekufukuza, nikale, nikalale. Unanidanganya kwa upendo, na huo hauishi. Masikio haya yanazidi kushuka. Ya baba yalishuka hivi hivi. Itafika siku nitakuwa sina habari ya dunia ila ile utakayoniletea wewe. Nani amepiga simu, daktari amesema nini, mtoto analia au anacheka. Na wewe utaitengeneza kwanza. Utaikata kingo ndipo unipe."

"Nitabadilika."

"Labda."

"Nimekwambia kweli sasa hivi! Umeniuliza, nimekwambia."

"Nimekuuliza nikiwa na ndege mkononi. Mama yangu alikuwa masikio ya baba miaka ishirini, dada yako hakukosea hapo. Alichokosea ni kudhani mama ndiye aliyepata taabu. Mama alikuwa akipunguza. Watu wakimtukana baba, yeye alisema wanakusalimu. Ndugu zake wakiuza shamba, yeye alisema wanalilima. Alimhurumia. Baba alijua, Jalada. Alikuwa akikaa akitazama midomo yetu, mmoja mmoja, akitafuta ni nani siku hiyo anayesema kweli. Alikufa akiwa na wasiwasi na watu wote wanaompenda. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi karibu na kitanda. Na mimi pia nilimwambia, 'Baba, daktari anasema utapona.'"

Chini yao, katika duka la uchapaji lililokuwa ghorofa ya kwanza, wafanyakazi walianza kurudi kutoka chakula cha mchana.

Fundi aliivuta fomu ya kiwanda iliyokuja ndani ya sanduku. Ilikuwa karatasi moja: imesikilizwa na nani, ina kasoro au haina, iendelee kugongwa au isimamishwe. Santuri mia tano zilikuwa zikisubiri saini. Kwenye nafasi ya aliyesikiliza aliandika jina la Jalada, akamsukumia; alipokwisha kusaini akaivuta tena. Kwenye nafasi ya kasoro aliandika: hakuna. Kwenye nafasi ya mchongaji, ambapo jina lake lilikuwa limeshapigwa chapa, alipitisha mstari mmoja ulionyooka akaandika la yule mzee juu yake.

"Kwenye jalada pia," alisema.

"Majalada yameshachapwa. Mia tano. Jina lako liko nyuma, chini ya jina la mpiga besi."

"Chapa upya."

Aliona jinsi lilivyomwingia. Jalada alikuwa amelichora jalada lile miezi saba, ameibadilisha rangi ya mvua mara kumi na moja.

"Nitachapa upya," alisema.

"Asante. Na Jumamosi, waambie wazee wako wasije. Mama nitamwambia mimi."

"Usinifanyie hivi."

"Sijakufanyia bado. Ndiyo kwanza ninafanya." Alisimama, kwa sababu akiendelea kuketi angeuchukua tena ule mkono. "Nakupenda, na hilo halijapungua hata sasa. Basi chukua sanduku lako."

Jalada alisimama muda mrefu, akimtazama kwa yale macho. Fundi aliyapokea yote, hakuyakwepa. Kisha Jalada akakunja fomu, akaitia mfukoni, akabeba sanduku kifuani kwa mikono yote miwili na kwenda mlangoni. Chini mashine ya kuchapia iliwashwa. Sakafu ikaanza kutetemeka kwa mvumo mzito ambao Fundi aliusikia vizuri, kama alivyosikia vizuri kila kitu kizito.

Kizingitini Jalada alisimama. Hakugeuka. Mabega yalipanda yakashuka, na Fundi aliona, kwa nyuma, taya lake likisogea. Alikuwa anasema kitu. Kilikuwa kirefu; si kwaheri tupu. Kilikuwa na mahali pa kupumua katikati.

Mwaka mzima uliopita, mtu akimpa mgongo akasema, Fundi alikuwa na jibu tayari. "Haya," alijibu, au "Ndiyo hivyo," au alicheka kidogo, na mara nyingi ilikubali. Safari hii hakusema haya.

"Sijasikia," alisema.

Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu yeyote, hata daktari. Lilitoka kavu, bila aibu. Na lilipotoka, alijua ameacha nini mikononi mwa Jalada. Akilirudia alilosema, lolote liwe, lawama, tusi, kumlilia, lakini lile lile, zima, basi angemwambia aweke sanduku chini, aketi, waanze wimbo wa kwanza. Jumamosi ilikuwa bado siku nne.

Jalada aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. Alifungua mdomo, na kwa muda neno lile lilikuwa pale pale, pua na mdomo, Fundi alikuwa akiliona linavyokuja. Kisha uso ule aliokuwa akiujua kuliko wake mwenyewe ukalainika, ukajaa huruma yote ya duniani, akatabasamu.

"Si kitu," alisema. Alilisema kwa sauti kubwa, polepole, akiinua midomo vizuri kwenye kila silabi, kama watu wanavyosema na viziwi.

Fundi alilisikia lote.